Hema la Baba Kule Karambi

Mama alipokufa tulimsafirisha hadi Kenya, siku mbili barabarani, tukamzika nyuma ya nyumba ya shemeji yake ambaye alikuwa amemwona mara tatu tu maishani. Watu wa baba ndio walioamua. Kwao mtu huzikwa kwake, na kwake ni pale ambapo mwenye boma amewahi kulala chini ya paa lake mwenyewe. Baba alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha saruji Kasese, Uganda, tangu ujana, akilala kwanza kwenye nyumba za wafanyakazi, baadaye kwenye nyumba ya kupanga, na zote mbili hazihesabiki, kwa hiyo alibaki mtu wa kwao. Walituambia hivyo kwa upole huku wakitumiminia chai. Mimi nilikunywa chai. Kuna kitu ndani yangu kilizimika siku ile, na sikuona haja ya kukiwasha tena.

Baba alirudi Kasese, akanunua kiwanja Karambi, mlimani, kwa sababu mama alikuwa akipenda kwenda huko kumtembelea rafiki yake wa kanisani. Kabla hajaweka hata tofali moja, moyo wake ukaanza kuvimba. Daktari wa Bwera, kule mpakani, alimwambia asibebe kitu kizito, asilale chali, na asifanye mipango mirefu. Baba aliitikia kila neno. Tulipotoka nje, katikati ya kelele za bodaboda na wale wabadilishaji fedha wanaokuita kama mnajuana, aliniuliza kama ninajua namna ya kulala kilimani bila nyumba.

Alitaka kitu kimoja tu. Alale usiku mmoja kwenye kiwanja chake, watu wa kwao wajue, ili siku yake ikifika azikwe Karambi na asisafirishwe kama mama. Alinieleza hayo kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na likizo ya Aprili ilikuwa imeanza. Nikasema sawa. Sitadanganya kwamba nilisukumwa na mapenzi. Sikusikia kitu; nilisema sawa kwa sababu ni rahisi kuliko kubishana na baba.

Kiwanja kile kimeinama sana. Ukiweka sufuria chini, utaifuata kwa jirani. Hema la kawaida lisingekaa, na mvua zilikuwa zimeshaanza. Niliyesoma naye shule, ambaye siku hizi hubeba mizigo ya watalii wa milima ya Rwenzori, aliniazima hema la kuning'inia, kitanda cha kitambaa chenye chandarua na turubai lake, aliloachiwa na mteja. Lilikuwa kwenye mfuko usiozidi pakiti ya unga. Alinifundisha uani kwetu, kati ya mpera na nguzo ya kamba ya nguo. Nilipojilaza, nguzo iling'oka, nami nikabaki chini nikiangalia mawingu. Alicheka mpaka akakaa. Mimi niliinuka, nikamwambia tutafute mti mwingine.

Aliyonifundisha ninayakumbuka mpaka leo. Miti miwili iachane hatua sita hivi. Mikanda inayozunguka shina iwe mipana, isikate gome. Turubai lifungwe kwanza, juu, ndipo kitanda kifuate, maana mvua haitakusubiri. Kwenye kila kamba ufunge kitambaa karibu na kitanda, ili maji yanayotelemka kwenye kamba yadondokee hapo yasikufuate ndani. Kitanda kilegee kidogo, kisikazwe kama ngoma. Na mwenye kulala asinyooke katikati, alale mshazari, kichwa upande huu na miguu upande ule, ndipo mgongo unapotulia. Hilo la mwisho ndilo lililonifaa, kwa sababu upande wa kichwa ukiinuliwa zaidi, mtu wa moyo anaweza kupumua.

Bodaboda ilitupandisha mpaka njia ilipoisha. Kutoka hapo baba alitembea hatua kumi, akakaa kwenye kigoda nilichombebea, akatembea kumi tena. Tulifika mchana. Kulikuwa na mikaratusi miwili pembeni mwa kiwanja, iliyopandwa na mwenye shamba wa zamani, na umbali wake ulifaa kabisa.

Nilisahau kwamba kazi ya baba kiwandani ilikuwa kufunga mizigo inayoinuliwa kwa mashine. Aliziangalia zile klipu za plastiki za hema kama mtu aliyeletewa nyama iliyooza. Akaniamuru nizitoe, kisha akanionyesha fundo lake kwa kipande cha kamba magotini, mara tatu, nami nikalifunga kwenye mti. Nikakaa kwenye kitanda kujaribu. Kikashuka mpaka nikagusa majani.

"Bado chini," alisema kutoka kwenye kigoda. "Vuta."

Nilivuta. Akasema vuta tena. Nilivuta mpaka viganja vikawa vyekundu, naye hakusema asante wala pole. Kilipokaa sawa aliitikia kwa kichwa tu, na kwa baba hiyo ni hotuba. Kabla ya giza nilimsaidia kuingia, nikafunga zipu ya chandarua, nikajifunika shuka mpaka kichwani na kuegemea mti, chini yangu gunia lililojaa majani makavu. Mvua ilinyesha. Vile vitambaa vilifanya kazi yake. Nililala, na nilipoamka nilimsikia akikoroma, nikajua kwamba hilo limefanyika.

Sasa lazima nieleze jambo la milima ile. Gari halipandi huko. Mgonjwa akizidiwa, au mtu akifia hospitali, hubebwa kwa machela, yaani blanketi au kitanda cha fito kilichofungwa kwenye miti, na kila kijiji kina kikundi cha kubeba. Usipokuwa kwenye kikundi, siku yako utajijua. Tena mtu akifa hapo, hakuna anayetia jembe ardhini mpaka azikwe. Sisi tulikuwa watu wa mjini. Hatukufikiria kumwambia jirani yeyote kwamba tunakuja.

Kwa hiyo aliyepita alfajiri akienda shambani aliona nguo ndefu imening'inia kati ya miti miwili, imebeba mtu, na chini yake mwanamke amejifunika shuka kichwani, hasogei. Angefikiri nini kingine? Alifikiri wabebaji wametuacha njiani, na mimi nimeitundika maiti isifikiwe na mbwa.

Nilipofungua macho vizuri, kilima kilikuwa kimejaa watu. Wanaume wameegemeza majembe pembeni, wanawake mikono kichwani. Mbele yao alisimama mama mmoja mnene mwenye magambuti ya mpira, ambaye baadaye nilijua ndiye mkuu wa kikundi cha machela. Alikuja akachutama karibu yangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, dada," aliniambia. "Mzee amekufa saa ngapi?"

Nilianza kuinuka. Zipu ikafunguka juu yetu, kichwa cha baba kikatokea.

"Bado," alisema.

Wanawake wawili walikimbia. Mwanamume mmoja alikaa chini palepale alipokuwa. Yule mama hakukimbia. Alimtazama baba, uso umekunjamana kwa hasira.

"Sasa mzee, tumeacha majembe bure?"

"Si bure," baba alijibu. "Mumenikuta nyumbani."

Nilimsaidia kushuka, akakaa kwenye kigoda, akawaeleza kila kitu: mama, safari ya Kenya, kiwanja, moyo. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Wengine walicheka, wengine wakamwambia ni mjinga, angeuliza wangempa kitanda. Alipomaliza alimpigia simu kaka yake kijijini kwao, akamwambia amelala kwake. Kaka yake akauliza nani shahidi. Baba alimpa simu yule mama.

"Iko hapa," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka bondeni. "Hii mutu ni ya hapa. Sisi wote tumemukuta kwake asubuhi, chini ya paa yake. Hata tumemulilia."

Kisha akakata simu bila kuaga, kwa sababu vocha si mchezo.

Baba aliomba kuingia kwenye kikundi, lakini kila mwanakikundi lazima abebe, na baba hakuweza kubeba hata kigoda chake. Waliligeuza suala hilo huku na huku, mpaka yeye mwenyewe akaomba aione machela yao. Ililetwa. Aliishika kamba moja, akaivuta kidogo, fundo likaachia. Akawauliza wameshawaangusha wangapi. Kutwa nzima, kwa kuwa hawakuwa wameenda shambani, aliwafunza fundo lake kama alivyonifunza mimi, vuta, vuta tena, bila kumsifu yeyote. Huo ndio ukawa mchango wake.

Alikufa Juni, hospitali ya Bwera, mchana, nikiwa nimeenda kumnunulia uji. Watu wa kwao walikuja wanne tu, wakakaa kwenye viti walivyopewa, wala hawakubishana na mtu. Jeneza lilifika mwisho wa njia kwa gari, na kutoka hapo kikundi kililibeba. Nilitembea nyuma nikitazama mafundo. Hakuna lililoteleza. Watu walilia, mimi sikulia. Nilijibu salamu, nikahesabu sahani, nikafanya kila kinachotakiwa kwa mfiwa. Nilitazama ng'ambo, mteremko mzima, msimu wa kuvuna maharage, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ameinama shambani.

Tulipomaliza, yule mama wa gambuti aliniambia boma lisiachwe bila mtu siku hiyo, na kwamba kitanda anacho, lakini kiko nyumbani kwake, si hapa. Nikalitoa lile hema kwenye mfuko. Aliyeniazima alishasema nibaki nalo. Nilifunga turubai kwanza. Nilifunga mikanda, fundo la baba, kushoto na kulia. Nikakaa kujaribu, kitanda kikashuka mpaka nikagusa majani. Nikabaki nimekaa hivyohivyo. Nafikiri nilikuwa nikingoja kuambiwa.

Yule mama alikuwa ameketi kwenye kigoda cha baba, anavua gambuti lake kumwaga udongo. Hakuniangalia hata.

"Bado chini," alisema. "Vuta."

Nilisimama nikaishika kamba, nikavuta, naye akasema vuta tena. Nilivuta mpaka machozi yakaja, na viganja vyangu vikaniuma.