Mapapa Watatu na Harusi ya Kiritiri

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chuo kimoja mjini Meru, Mkuu wa Idara alitazama cheti changu cha historia ya Kanisa la Zama za Kati, akatazama viatu vyangu vyenye udongo wa kwetu Kanyakine, akacheka. "Kijana, hapa watoto wanataka kuwa walimu na makarani. Hizo stori za mapapa wa kale utauzia nani?" Somo langu akaliweka Ijumaa alasiri, wakati kila mtu anawaza nyumbani.

Nilimpenda hata hivyo. Ndiye aliyenifundisha kusoma hati, yaani maandishi ya kale: usiulize kwanza inasema nini, uliza aliyeiandika alimwogopa nani. Mpaka leo nasoma magazeti hivyo.

Baadaye nilihamishiwa Embu. Mkuu wa Chuo huko alikuwa mama mkali, mcha Mungu. Kanisa lao kule Kiritiri lilikuwa limegawanyika, wachungaji wawili, kila mmoja na kufuli yake mlangoni. Sisi wanahistoria huliita jambo hilo farakano. Akaniita ofisini. "Wewe si ndiye fundi wa ugomvi wa makanisa? Kesho twende."

Tulipofika, kumbe shida haikuwa kufuli. Mzee Njeru, mfuasi wa mchungaji wa zamani, alikuwa amemrudisha nyumbani binti yake Wanja kwa sababu harusi yake ilifungishwa na yule mpya. "Huyo si mchungaji, alifukuzwa," alisema. "Kwa hivyo hakuna ndoa hapo." Ireri, mume wa Wanja, alisimama langoni kwa mzee akifinyangafinyanga kofia, macho mekundu. Niliogopa kweli. Nikikosea, nyumba ya watu imevunjika.

"Mzee," nikasema, "kuna wakati Ulaya ilikuwa na mapapa watatu kwa mpigo, kila mmoja amewafukuza wenzake. Na mapadre wa pande zote walifungisha ndoa. Mtaguso, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulipokaa kumaliza maneno, uliondoa mapapa. Sijasoma popote kwamba bibi za watu walirudishwa kwao."

Mzee Njeru akauliza, "Watatu?"

"Watatu, mzee."

"Na sisi hapa tuko na wawili tu," akasema, kwa haya kidogo. Kisha akageuka. "Wanja, chukua vitu zako."

Wanja alitoka na mfuko wake, akasimama mbele yangu. "Mwalimu, na kwa hao watatu, wa ukweli alikuwa nani?"

"Hilo bado tunabishania, mwanangu. Wewe enda kwako."

Sasa nimestaafu, nafuga ng'ombe wangu, na asubuhi bado nasoma Kilatini kwa miwani mizito. Vijana huniuliza kazi ile ilinipa nini. Ilinipa furaha, siwafichi. Lakini swali la Wanja nimestaafu nalo bila jibu. Yeye siku ile hakulingoja. Alimpita baba yake, akamshika Ireri mkono, wakaenda.