Plasta Kwenye Rundo la Mchuuzi

Kijijini kwetu Connemara, magharibi mwa Ireland, apitaye kwenye kona ya barabara ya kanisani huokota jiwe akalitupa juu ya rundo la mawe. Hapo ndipo alipouawa mchuuzi wa vitambaa, enzi za babu wa babu zetu. Jina la mchuuzi halikumbukwi na yeyote. La muuaji tunalo sote: Mulkerrin, aliyenyongwa mjini Galway. Ndivyo tulivyo, marehemu hatumjui lakini wa kumnyooshea kidole hatumkosi.

Tena tuna imani yetu: jiwe la mwenye damu ya muuaji halikai juu ya rundo. Huporomoka.

Jirani yangu Sabina Mulkerrin alikuwa na miaka ishirini na miwili jiwe lake lilipoporomoka. Lilikuwa la mviringo, na mvua ilikuwa inanyesha, lakini nani angejali? Alikuwa na mchumba wake, Festus Conneely, na mama yake Festus. Wiki ile ile uchumba ukavunjwa. Festus hakufungua kinywa, maana hata soksi alichaguliwa na mama yake. Tangu hapo Sabina akawa anavuka upande wa pili wa barabara kila Jumapili. Alifuga kondoo, akafuma sweta, akazika wazazi wake, akazeeka peke yake. Hakuna aliyemwomba asimamie ubatizo wa mtoto. Sweta zake tulizivaa bila haya.

Mwaka huu Mwalimu Lydon, mstaafu asiyeweza kuona kikao asikiongoze, akaunda kamati. Watalii wanapita, akasema, na rundo letu linaonekana kama takataka. Wakayapanga mawe upya yakachongoka juu, wakalipiga plasta ya saruji rundo zima, wakalilainisha kwa mwiko mpaka likang'aa. Kisha akaja kwa Sabina, nami nipo, nakunywa chai.

"Bi Sabina, siku ya uzinduzi tungeona vyema upumzike nyumbani. Kutakuwa na wageni, na picha."

"Nina miaka sabini na moja, Mwalimu. Nimepumzika vya kutosha."

"Si unawajua watu walivyo?"

"Nawajua sana. Ndiyo maana nakuja. Natupa jiwe langu mbele ya macho yenu, likae au lianguke."

Lydon akaondoka bila kumaliza mkate wake. Sabina akakiosha kikombe chake mara mbili. Nilimwonea uchungu, nikajionea aibu pia, kwa sababu siku ile ya mvua nilikuwepo, nikanyamaza.

Siku ikafika. Padri akabariki, Lydon akahutubia mpaka watu wakapiga miayo. Ndipo akatupa jiwe la kwanza. Likagonga plasta, likateleza, likatua miguuni pake. Akacheka kidogo, akalirusha tena. Likarudi. La diwani likarudi. La mama wa posta, hata la padri, yote yakaporomoka mpaka barabarani. Mpumbavu gani hupiga plasta rundo la kutupia mawe? Wa kwetu, na tulimpigia makofi.

"Ni plasta tu, jamani!" Lydon alipaza sauti, uso mwekundu. "Ni mteremko!"

"Kumbe leo ni mteremko," alisema Sabina.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilicheka peke yangu, wenzangu wakatazama mawingu.

Sabina hakulitupa jiwe lake. Aliliacha pembeni, akageuka aende zake. Mzee Festus, mgane siku hizi, akamfuata kofia mkononi.

"Sabina, nisamehe. Mama alikosea, kuteleza ni kuteleza tu."

"Mama yako aliamini. Wewe je, uliamini?"

Festus aliivaa kofia, akaivua tena.

"Hapana," alisema. "Hata siku ile sikuamini."

"Ungekuwa umeamini," Sabina akamwambia, "ningekusamehe."