Tembe Nilizoficha Mlimani

Jina langu ni Mueni. Wakati huo nilikuwa nimepanga nyumba Athi River na nilikuwa nashona kwa kiwanda cha nguo kule EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje. Kazi yangu ilikuwa mifuko ya nyuma ya jinzi. Mifuko tu, kutwa nzima. Nilikuwa mtu wa maneno na kicheko, hata msimamizi akanihamisha mwisho wa laini ya cherehani ili wenzangu wafanye kazi. Watoto wangu wawili walikuwa kwa mama yangu kule Matuu.

Halafu nikaanza kushikwa na kiu. Nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe na kukimbia chooni kila saa. Sketi zikawa zinanizunguka kiunoni. Daktari akanipima akasema, "Mama, uko na sukari. Hizi tembe usiziache hata siku moja."

Sikuambia mtu. Ukikonda miaka ile, majirani walikuwa na jibu moja tu: ukimwi. Na ukionekana unameza dawa kila asubuhi, basi, wamemaliza na wewe. Kwa hivyo nilikuwa nazimezea chooni.

Tulikuwa na kikundi cha maombi, watu sita. Kiongozi wetu alikuwa Ndugu Musau, mtu mkali kwa mambo ya Mungu. Akatuambia twende mlimani tufunge siku tatu, mfungo mkavu, bila chakula wala maji. Milima ya karibu ilikuwa imejaa watu wa maombi hadi mnachanganyikiwa nyimbo. Yeye alitaka mahali hakuna mtu. Akapata mlima upande wa Masinga, ambao hata wenyeji hawaupandi bila sababu.

Nilienda kumwomba Mungu aniondolee sukari. Na nilijiona mjanja sana! Daktari alisema nisiache dawa, sasa mimi nitaacha chakula tu. Nikafunga tembe kwa pembe ya leso, na kachupa kadogo ka maji ya kumezea. Nilisema Mungu atanisamehe mafunda mawili.

Tulipanda kwa muda wa karibu saa tano. Hakukuwa na njia, ni miiba na vinyesi vya mbuzi, na huko juu kabisa ni mwamba wa kushika kwa mikono. Nilifika magoti yakitetemeka. Nilidhani ni uchovu.

Siku ya pili asubuhi nilijificha nikameza tembe. Haukupita muda jasho likaanza kunitoka, jasho baridi, na jua halikuwa limewaka. Moyo ulikuwa unapiga mpaka masikioni. Midomo ikafa ganzi. Nikaona Ndugu Musau wawili. Nilitaka kusema, "Nisaidieni, niko mgonjwa," lakini ulimi ulikuwa mzito, na kilichotoka ni maneno ambayo hata mimi sikuyajua.

Wenzangu wakapiga makofi. "Roho ameshuka! Asante Yesu!"

Woi, mwaitu, mama yangu! Mimi nakufa na watu wanaimba.

Nikaanguka. Meno yakaumana, nikajikojolea mbele ya wanaume. Hapo wimbo ukabadilika. Ndugu Musau akasema ni pepo. Walinishika mikono na miguu wakaanza, "Toka! Toka!" Nilikuwa nasikia kwa mbali na siwezi kusogeza hata kidole. Niliogopa jinsi sijawahi kuogopa tena maishani. Niliwaza: nitafia hapa, na watoto wangu wataambiwa mama yao aliuawa na mapepo.

Ndunge, mmoja wa wale sita, ndiye aliyeniokoa. Tulikuwa tunashona naye laini moja. Alitaka kunifunga leso nyingine kwa sababu nilikuwa nimelowa, akashika lile fundo. "Hizi dawa ni za nini?" Hakuna aliyejua.

Zile kelele zilikuwa zimemleta mwanaume mmoja aliyekuwa anarina asali chini kidogo. Alikuwa na kopo la asali mkononi na hasira usoni, maana tulikuwa tumemsumbulia nyuki. Akaangalia zile tembe, akaniangalia mimi.

"Amekula lini?"

"Tumefunga," Ndunge akasema.

"Hizi ni za sukari. Mama yangu anameza hizi hizi. Asipokula anakuwa hivi hivi. Mpeni asali."

Ndugu Musau akasimama katikati. "Huyu ameweka nadhiri. Imebaki siku moja tu. Usimvunjie."

"Sasa maiti ina nadhiri gani?" yule mwanaume akamuuliza.

Ndunge hakungoja. Alinilaza ubavu, akachovya kidole, akanipaka asali ndani ya shavu. Ndugu Musau akamshika mkono. "Niachilie, Ndugu," akamwambia huku analia. "Kama ni dhambi, nitatubu mimi."

Akapaka tena, na tena. Nilirudi polepole. Kitu cha kwanza nilihisi ni utamu na nta kwenye meno. Nikafungua macho nikamwona Ndunge mmoja.

Waliniteremsha kwa blanketi lililofungwa kwa miti miwili. Pale kwenye mwamba walinishusha kwa leso zilizoungwa, na mara mbili nilizima tena, asali ikanirudisha. Hospitalini daktari alinigombeza huku akitafuta mshipa wa kuweka dripu. "Hiyo tembe inashusha sukari, mama. Usipokula, inashusha tu mpaka inakumaliza. Ungeuliza!" Nililazwa siku tatu. Miezi mingi baadaye sikuweza kumeza tembe bila kushika mkate kwa mkono mwingine.

Namshukuru Mungu, namshukuru Ndunge, na yule mrina asali ambaye jina lake sikuwahi kulijua. Wewe uliye na dawa ya kila siku, kabla hujafunga muulize daktari. Na umwambie aliye kando yako unameza nini. Aibu haiui, lakini kuficha nusura kuniue.

Siku nilipotoa ushuhuda huu kanisani kwetu mara ya kwanza, Ndugu Musau aliniita nyuma ya kanisa. Nilijua atanigombeza. Alisimama akiangalia viatu vyake. Amenikubalia niwaambie alichosema.

"Dada Mueni, mimi pia niko na sukari. Mwaka wa tatu huu. Tembe zangu nilizitupa siku ile kabla tupande. Hata mke wangu hajui."

Nilimshika mkono nikamwambia, "Twende tumwambie sasa hivi."