Zimeni Jiko, Anafungua Gesi

Chumba chetu cha Mashimoni hakina dirisha. Kina mlango, na juu ya mlango kuna tundu ambalo keteka, mtunza nyumba, alituambia ni dirisha siku tulipokuja kuangalia nyumba. Ndani tulikuwa mimi, bwanangu, binti yetu aliyekuwa ndio anajifunza kutembea, kitanda, jiko, na mtungi wa gesi ya friji. Mtungi ndio uliopewa nafasi nzuri kuliko sisi wote.

Bwanangu ni fundi wa friji. Zamani alikuwa na kibanda huko Kongo, ile ya mtaa wa Kawangware, kando ya barabara, na kazi ilikuwa inabaki huko. Nilikuwa namwona jioni tu, mikono inanuka oili, basi. Halafu tingatinga likabomoa vibanda vyote asubuhi moja, na yeye akafika nyumbani na mkokoteni. Kompresa mbili, mabomba ya shaba, na huo mtungi.

"Ni ya siku chache tu," akasema.

Fundi wa Kongo halazi mtungi nje, hata ukimwambia nini. Mtungi ukilala nje unaamka kwa mtu mwingine. Kwa hivyo ukaingia ndani, ukasimama pale kichwani mwa godoro la mtoto.

Mtu asidhani nasema gesi ya kupikia. Ile ya kupikia ina harufu, ikivuja unajua, unakimbia. Hii haina harufu, haina rangi, na ukiiwekea kiberiti haishiki moto. Hiyo ndiyo sababu mafundi hawaiheshimu. Wakitaka kuchomelea bomba la friji, kwanza wanakata kale kabomba kembamba, fsss, ya zamani inaenda zake. Kisha wanajaza nyingine, na hawaipimi kwa mizani. Wanashika bomba kwa mkono mpaka litokwe jasho la baridi, wanasema imetosha. Wakitafuta mahali inapovujia, wanapaka povu la sabuni. Sabuni yangu.

Na walikuwa na mchezo wao. Mteja akija na soda moto, fundi anaugeuza mtungi juu chini, anaipulizia chupa mpaka inashika barafu. Watu wanacheka, kazi inapatikana. Bwanangu aliuleta mchezo huo nyumbani. Alikuwa anapulizia kikombe cha mtoto, kinakuwa cheupe, mtoto anapiga makofi. Mimi pia nilicheka. Kwani nani alikuwa amenikataza?

Halafu ikaja ile mvua. Nilikuwa nimewasha jiko nje, makaa yaliposhika nikaliingiza, nikarudisha mlango kwa sababu maji yalikuwa yanaruka mpaka kitandani. Mtoto alikuwa amelala kwa godoro chini. Bwanangu alikuwa kwa stuli, anahamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda kwa mdogo, maana kuna mwenye bucha alikuwa anamngoja. Mpira wa hozi ulikuwa umechakaa, akaufunga na karatasi ya nailoni. Gesi ikawa inavuja polepole na hakuna aliyesikia, mvua ilikuwa inapiga mabati.

Nilichosikia mimi ni koo. Kitu kikali kilinikata kooni kama nimekunywa asidi ya betri. Macho yakaanza kutoka machozi. Halafu mtoto akakohoa, akakohoa tena, na hakupata nafasi ya kulia. Nilimchukua na blanketi nikatoka naye kwa mvua, nikasimama kwa korido, ile njia ya wazi kati ya vyumba, nimemwinamia maji yasimpige.

"Rudisha mtoto ndani, atashikwa na baridi," bwanangu akaniita kutoka ndani, na yeye mwenyewe anakohoa.

"Toa hiyo kitu kwanza."

"Gesi ya friji haina sumu, wewe. Sisi tunaivuta kila siku."

Kemia nilipata D, siwezi kumdanganya mtu. Lakini kitu kimoja nilikumbuka nikiwa pale kwa mvua: kuna gesi nzito kuliko hewa. Haipandi. Inatambaa chini kama maji. Na chini kwetu kulikuwa na vitu viwili, godoro la mtoto na jiko. Gesi yenyewe haiwaki, ni kweli, lakini ikipita kwa makaa moto inageuka kitu kingine, na hicho ndicho kilikuwa kinatukata koo.

Kifua cha mtoto kilibana wiki nzima. Usiku nilikuwa naweka sikio kwa mgongo wake, nasikia kama mtu anapiga filimbi mbali. Kwa kliniki nikaambiwa nimweke mahali penye hewa. Nikamwangalia yule daktari. Nikamuuliza, wapi?

Nikampigia mama yangu simu huko nyumbani kijijini, nikamwambia nataka kuja na mtoto.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana, mama. Ni gesi."

"Sasa mwanangu, mimi nitawaambia nini watu wa hapa? Kwamba umeacha bwana kwa sababu ya gesi?"

Basi nikabaki. Bwanangu naye, kusema ukweli, aliogopa, ingawa hangesema. Mambo yalimwingia vizuri alipoenda semina ya mafundi kwa ukumbi wa kanisa. Alirudi amebeba maandazi yamefungwa kwa tishu.

"Mtaalamu aliyetufundisha anasema hata tukiifungulia nje tunaharibu," akaniambia. "Upepo unaipandisha mpaka huko juu, inafanya kama mabati. Joto linaingia, kutoka linakataa. Na inakaa huko miaka mingi. Kilo moja tu inashinda kilo elfu za hewa chafu ya gari."

"Sasa muipeleke wapi?"

"Kuna mashine ya kuinyonya irudi kwa mtungi."

"Unayo?"

Akacheka. "Kongo nzima hakuna fundi ana hiyo mashine."

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula hilo andazi. Sisi hatuna friji. Maziwa ya mtoto wangu yanachacha kabla jioni ifike. Friji anazotengeneza zimetumika kwa nyumba za watu wengine, wakazichoka, zikashuka mpaka kwetu zimalizie kufa hapa. Baridi wamekula wao. Gesi ya mwisho ndiyo inafunguliwa karibu na pua ya mtoto wangu, halafu joto linakuja kukaa juu ya mabati yangu, na mtaalamu anatuambia sisi tuwe waangalifu.

Nilimwekea sheria moja: ndani haifunguliwi tena. Mpira mpya kwa hozi, na kazi ifanyiwe kwa korido. Alikubali bila maneno. Nikadhani nimemaliza.

Siku ya kwanza alipokata kabomba pale nje, niliitazama sakafu. Gesi huioni, lakini korido yetu imeinama kuelekea kwa mlango wa jirani, maji yote ya kufua hukimbilia huko. Jirani ana kichanga, na jiko lake linakaa mlangoni.

"Funga hiyo kitu," nikamwambia bwanangu, na nikaenda kugonga.

Sasa ndiyo kazi yangu. Kabla hajafungua chochote napita mlango kwa mlango: zimeni jiko, toeni watoto. Wananiita Mama Gesi. Leo jirani alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi.

"Jirani, ugali uko kwa moto. Nizime vipi?"

"Basi maliza kusonga. Nitangoja."

Bwanangu alikuwa ameinama juu ya friji, koleo mkononi, ananiangalia. Binti yangu nimembeba mgongoni, juu kadiri ninavyoweza, na kifua chake nakisikia kwa mgongo wangu. Jirani anasonga. Nimesimama mlangoni kwake, sina mahali pengine pa kuituma hiyo gesi.