Ua la Baba na Mbao za Shangazi

Hadi leo nikisikia nyundo ikigonga msumari kwenye mbao, meno yananiuma. Fundi akija nyumbani kwangu kukaza kitanda, mimi hujitafutia safari ya sokoni. Watoto wangu hunicheka. Wao hawakumjua shangazi yangu Zuhura, dada yake baba, nami huwaambia kwamba hawajakosa kitu.

Shangazi alipigilia dirisha letu siku ya nne baada ya baba kuzikwa. Tulikuwa tukikaa Makorora, katika nyumba aliyoiacha babu: mimi na wazazi wangu chumba cha mbele, kilichotazama barabarani, yeye chumba cha nyuma karibu na jiko. Misumari zama zile haikuonekana madukani, kama vile isivyoonekana sabuni wala sukari. Aliing'oa kwenye sanduku kuukuu, akakaa uani akiinyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe, kwa subira ambayo hakuwahi kuitumia kwa binadamu. Kisha akazunguka nje akapigilia mbao mbili, na mama yangu yuko ndani amekaa kitandani na nguo zake nyeupe za eda.

"Mwenye eda hana dirisha," alisema. "Wanaume wamejaa barazani kwa jirani, wanamchungulia mke wa kaka yangu."

Msemo huo aliutunga mwenyewe. Sijausikia mahali pengine. Ni kweli mjane alitakiwa kutulia ndani miezi minne na siku kumi, asijipambe, asijitie manukato, asionane na wanaume wasio maharimu wake. Lakini pazia lingetosha, na tulikuwa nalo. Mama hakubishana naye. Shangazi alipokwisha kuondoka alisema tu, "Kikulacho ki nguoni mwako," akageukia ukutani.

Sasa niwaambie habari ya ua. Baba alikuwa dereva wa lori, akipakia chai kutoka milima ya Amani. Siku moja alirudi na kimmea alichokibandua kwenye mwamba karibu na kijito huko msituni, akakipanda kwenye kopo la maziwa ya unga. Majani yake yalikuwa manene, yana vinyweleo laini kama sikio la mtoto wa paka, na maua yake madogo ya zambarau hayakuwa na harufu yoyote. Majirani waliokuwa na asumini na mirehani yao walitucheka. Ua gani lisilonukia? Mama hakuwajali. Aliliweka juu ya kigoda, hatua moja kutoka dirishani, na kila asubuhi aliligeuza kopo kidogo ili upande uliokuwa kizani nao upate mwanga. Wakati baba yuko safarini, lile ua ndilo lililokuwa likizungumzishwa.

Dirisha lilipofungwa, chumba kikawa kiza mchana kutwa. Ua likaacha kuchanua. Majani yakapauka, vikonyo vikarefuka vikiufuata ufa wa mlango. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na niliona kama baba anakufa mara ya pili, polepole, mbele ya macho yangu. Nilimchukia shangazi kuliko nilivyomchukia shetani, maana shetani sikuwahi kula naye sahani moja.

Basi vita vikaanza. Mama alinielekeza kulipeleka kopo ukumbini kila asubuhi, mahali ambapo mwanga wa mlango wa uani ulifika bila jua lenyewe kufika. Nikiliweka, shangazi analirudisha chumbani. Nikiliweka tena, analirudisha tena, na safari hii analitua kwa kishindo.

"Watu watajikwaa," alisema. Siku nyingine alisema kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili, "Mjane na maua! Anampambia nani?"

Jambo lenyewe mtaa mzima ulilijua. Biashara ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa. Sabuni za nje zimeanza kuonekana, kanga zinaingia kutoka Mombasa, na kila mwenye chumba cha mbele anabomoa dirisha kufanya duka. Shangazi alikitaka chumba chetu. Eda ikiisha, mama angerudishwa kwao Mkwaja, na mimi nyuma yake na kifurushi changu. Kilichobaki ni neno la Ami Hamadi, kaka mkubwa wa baba, aliyekuwa akija kutoka Pemba kuamua.

Ami alifika siku ya Ijumaa. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba huku akinishika kichwa, macho yakamlenga machozi kwa sababu nimefanana na baba. Shangazi akamchinjia jogoo, akabandika sufuria kubwa ya maji kwa ajili ya kumnyonyoa. Siku hiyo hakuwa na nafasi ya kunivizia, nami nikaona ndiyo fursa yangu. Sikuishia ukumbini. Nilikwenda na kopo hadi uani, nikalitua juu ya saruji, juani, saa tatu ya asubuhi. Ua limekaa na njaa ya jua karibu miezi mitatu. Nikasema acha lile lishibe. Nikaenda kucheza.

Nilirudi karibu na adhuhuri. Majani yalikuwa na mabaka meupe, kingo zimekuwa kahawia, mengine yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Hatua mbili kutoka hapo ilikuwa sufuria ya shangazi, tupu, na saruji imelowa kuizunguka.

Nilipiga kelele iliyomtoa Ami barazani.

"Shangazi kalimwagia maji ya moto ua la baba!"

"Umemwona?" Ami aliniuliza.

Wenzangu, hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Sikuwa nimeona lolote.

"Nimemwona."

"Wallahi sikuligusa!" Shangazi alisimama na manyoya ya kuku mikononi. "Yarabi, mtoto huyu ananizulia! Kaka, mimi sijaligusa kopo lao leo!"

Hakuna aliyemwamini. Majirani walioingia kusikiliza walitazamana tu. Alikuwa amejijenga miaka na miaka kuwa mtu anayeweza kusingiziwa lolote likamkaa.

Ami alilichukua kopo, akalipitisha kwa mama chini ya pazia la mlango wetu, maana yeye hakuruhusiwa kumwona. Akangoja.

"Shemeji," aliita, "umeliona?"

"Nimeliona," mama alijibu. "Mimi sasa namhofia mwanangu."

Ami akageuka. "Zuhura, mtu wa kuunguza ua la maiti ataunguza na mtoto wake. Chumba hiki ni cha huyu yatima na mama yake. Kang'oe mbao zako."

Alizing'oa mwenyewe, analia, kamasi zinamtoka, na mimi nilisimama barabarani kumtazama mpaka msumari wa mwisho. Nilifurahi sana. Kabla ya mwezi kwisha alihamia Mabawa, chumba cha kupanga, akawa anakaanga mihogo mlangoni. Siku za Idi nilimwamkia nikitazama pembeni, naye aliitikia hivyo hivyo. Alikufa huko.

Ua lilikufa pia. Mama alipotoka eda alifungua duka katika dirisha lile lile, akauza viberiti, sabuni na biskuti, na duka hilo ndilo lililonisomesha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha chuo cha ualimu.

Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu wa miaka mingi pale mwenzangu mmoja aliponipa ua la ndani. Lilistawi sebuleni, nikaona nilipendelee, nikalitoa nje mchana mmoja likaote jua. Jioni majani yalikuwa na mabaka meupe, kingo za kahawia, yamelegea. Nyumbani siku hiyo hakuna aliyechemsha maji. Nilikaa chini hapo hapo na nguo zangu za shule.

Jumamosi nilikwenda kwa mama. Alikuwa mzee, anachambua mchele. Nilimweleza yote, hata lile la kwamba sikuona.

"Lilikuwa jua, mama. Hakumwaga maji."

Hakuinua kichwa.

"Najua," alisema. "Nililishika lile kopo. Udongo ulikuwa mkavu."

Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Mimi shangazi simpendi hadi leo, na kufa kwake hakukumtakasa machoni pangu. Lakini siku ile, katika nyumba nzima, aliyekuwa akisema kweli alikuwa yeye peke yake.