Bangi Iliyooteshwa Ndani ya Nyumba

Katika milima yetu ya Kumaon, kaskazini mwa India, mtu akitaka kukuapiza mpaka usilale, hakuombei ugonjwa. Anasema, "Bangi iote ndani ya nyumba yako." Maana yake watu wako wafe au wahame, paa liporomoke, na mmea ule unaopenda mahame usimame pale ulipokuwa ukitandika kitanda. Ndiyo maana mama mdogo Haruli alipotaka kuotesha mbegu za bangi kando ya meko yake, mama mkwe wake, Jasuli, alikaa mlangoni na fimbo mapajani.

"Shayiri ya sikukuu umeipanda ndani, sijasema kitu," alisema bikizee. "Hiyo nyingine ipeleke nje."

"Nje kuna baridi, mama. Mbegu hizi ni kongwe."

"Hata mimi ni kikongwe, na nje nakwenda."

Haruli ni mjane wa ukoo wetu wa Bora, wafuma magunia ya bangi tangu zamani. Watu wa vijiji vya chini walitudharau kwa kazi hiyo, kisha wakabebea ngano yao katika magunia hayo hayo. Kwetu bangi ni kamba, ni gunia, ni chatini ya mbegu zilizokaangwa na kusagwa na chumvi. Lakini ile inayojiotea kwenye mahame ni fupi, ina matawi mengi, na nyuzi zake hukatika mkononi. Ya kufumia ni ile ndefu, iliyonyooka, inayopandwa kwa kusongamana. Hiyo ilikuwa imepotea. Waliokuwa wakiipanda wamehama mmoja mmoja, na mvua ya mawe ikamaliza shamba la mwisho, la Haruli mwenyewe. Kilichobaki ni kibuyu cha mbegu alichopewa na mama yake, kimezibwa kwa udongo, kimekaa juu ya boriti tangu mumewe alipokuwa hai.

Mwanawe, Khushal, ni mpishi wa hoteli kule chini mjini Haldwani. Kila alipopiga simu alisema neno lile lile: ufunge nyumba, uje na bibi, huko juu mnangoja nini? Safari hii Haruli alichoka kubishana.

"Bila nyuzi sina kazi hapa, hilo ni kweli," alimjibu. "Ninazo mbegu za bibi yako mzaa mama. Zikiota, nabaki. Zisipoota, njoo na kufuli. Siku ya kukata harela."

Harela ndiyo ile shayiri ya sikukuu. Huoteshwa gizani kikapuni, mbele ya mungu wa nyumba, na siku ya mwisho hukatwa na kuwekwa vichwani mwa watu kwa baraka. Kwa hiyo mle ndani kikapu cha shayiri kilikuwa kama saa ya ukutani. Kila asubuhi machipukizi yake ya manjano yalikuwa marefu zaidi, na kila asubuhi Haruli aliyatazama kwa chuki kidogo.

Kibuyu alikivunja mbele yangu, mimi niliyesoma katika ukoo. Mbegu zilikuwa za kijivu, kavu, hazing'ai. Alizimimina kwenye bakuli la maji. Nyingi zilielea.

"Hizo zimekufa?" nikauliza.

"Zimekauka. Zilizozama nazo sijui. Usiniulize kama daktari, msomi."

Zilizozama zilijaa kiganja kimoja. Akazigawa mafungu mawili. Nusu ya kwanza, kwa kumtii mama mkwe, alizifukia kwenye chungu cha samadi iliyooza na kukiweka uani, kwenye ukuta unaopigwa na jua. Mchana ukuta ulipata joto. Usiku barafu nyembamba ilishika juu ya maji ya ng'ombe. Siku chache baadaye alipochimba kwa ncha ya kijiti, mbegu zilikuwa zimevaa manyoya meupe ya kuvu. Alizibonyeza moja moja. Zilipondeka kama uji.

Hakulia. Aliosha chungu, akakaa akikitazama kikapu cha shayiri.

"Nipe meko, mama," alimwambia Jasuli. "Zimebaki hizi tu."

"Nimezika mume katika nyumba hii, nimezika mwana. Hilo apizo sitalipanda kwa mkono wa mkwe wangu."

"Zisipoota tunafunga nyumba. Mvua moja ikipita bangi itaota humu bila kuombwa, tena ile mbaya."

Bikizee aligeuza uso. Hakuondoa fimbo.

Nasema wazi: nilikasirika. Wapo wanaoandika kwamba milima yetu inahamwa kwa sababu watu wake wavivu. Waje wamwone mwanamke anayepigania kiganja cha mbegu na nyumba yake mwenyewe imemfungia mlango. Lakini sikumlaumu Jasuli. Kijijini kwetu nyumba zilizobomoka ni nyingi kuliko zenye moshi. Apizo lile alikuwa akiliona kila alipokwenda kuteka maji.

Jibu Haruli alilipata huko huko kwenye mahame. Nyumba inayofuata ilikuwa ya shemeji yake, aliyehamia Delhi na hakurudi. Nusu ya paa ilikuwa imeanguka. Katika chumba cha kulala mabua ya bangi mwitu ya mwaka jana yalisimama makavu, kama watu.

"Hii imekwisha apizwa," aliniambia, akiyang'oa. "Itaapizwa mara ngapi?"

Alizoa vifusi, akawasha moto kwenye meko iliyokuwa baridi miaka yote hiyo. Mbegu alizifunga katika kitambaa pamoja na mchanga wa mto, akazisugua taratibu ili kukwangua ganda lililokuwa gumu mno. Akaziloweka katika maji ya vuguvugu usiku mmoja, asizidishe zisije zikaoza. Kisha akazilaza katika kitambaa chenye unyevu, ndani ya chungu, juu ya jivu la moto. Mkono wake haukutoka kwenye chungu kile. Jivu likipoa aliongeza kaa la moto, joto likizidi aliliondoa. Chakula nilimpelekea mimi.

Asubuhi ya pili Jasuli alitoka uani akaona moshi ukipita katikati ya mbao za paa lile. Fimbo ikamponyoka. Alikwenda mbio, kadiri anavyoweza kukimbia, akiita jina la mwanawe aliyeko Delhi.

Alimkuta Haruli amechuchumaa, macho mekundu.

"Ni mimi, mama."

Bikizee aliinama akauchungulia moto. Kisha akaketi karibu yake, akanyoosha mikono kwenye chungu. "Kuni hizi mbichi," alisema. "Zitakuua kwa moshi. Toka, nenda kalale. Joto la chungu nalijua kabla hujazaliwa."

Siku ya kukata harela Khushal alifika kwa gari la asubuhi. Kufuli lilikuwa jipya, bado limo katika karatasi yake. Aliinama miguuni pa mama yake, akawekewa shayiri kichwani, kisha akauliza bila kuzungukazunguka: "Haya, zimeota?"

"Sijafungua kitambaa tangu juzi. Nilikuwa nakungoja."

Tukaingia wote mahameni. Haruli alikunjua kitambaa kidogo kidogo. Pembe ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, kuvu. Nilisikia Khushal akivuta pumzi ili aseme neno la kumpoza, na Jasuli akamgonga goti. Kwenye mkunjo wa mwisho, ganda moja lilikuwa limefunguka kama mdomo, na kimzizi cheupe kimejipinda nje. Pembeni yake kingine. Halafu vitatu vimeshikana.

"Tano," Khushal alisema. "Mama, shamba zima kwa mbegu tano?"

"Si shamba. Mwaka huu ni mbegu tu. Shamba ni mwaka ujao."

"Na zikiwa zote dume, zisizozaa mbegu?"

"Basi utarudi na kufuli lako. Mpaka maua yatoke nijue, hapa siondoki."

Khushal alicheka kwa pua, kicheko cha mtu aliyeshindwa nusu. Haruli alikuwa ameshapanga vijungu vya udongo na mchanga, anafukia kila kimzizi kwa kidole, kichwa chini. Nje mbuzi wa jirani alikuwa tayari anachungulia mlangoni.

"Huyo atamaliza kazi kwa tonge moja," alisema Jasuli. Akamnyooshea mjukuu wake mkono. "Lete hilo kufuli. Mlango wa hapa bado una pete ya kulitia."