Aliyesema Juu ya Ngoma

Wajukuu wangu wangemwita rapa. Miaka ile ya sitini hatukuwa na jina la kumwitia, kwa hivyo watu wa Mji wa Kale walisema tu kwamba kaka yangu "haimbi, anasema." Kazi yake ilikuwa kalafati huko Liwatoni, kushindilia pamba kwa nyundo kwenye nyufa za mashua, na mapigo ya nyundo zile ndiyo aliyoyaleta harusini. Waimbaji wenzake walivuta sauti na kuremba. Yeye aliyamwaga maneno makavu, mbio mbio, kila neno likiangukia pigo la ngoma. Wazee walikunja nyuso. Vijana walimfuata mpaka Feri.

Baba, aliyesomesha watoto Kurani, hakumkataza. Alimwekea sharti moja, tukiwa tunakula.

"Cheka na watu utakavyo, mwanangu, lakini ya ndani mwao usiyatoe nde. Siku utakayoyatoa, radhi zangu huna."

Kaka alicheka. Mimi sikucheka, maana baba hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Harusi za siku zile zilikuwa na mashindano, na mshindani mkubwa wa kaka alikuwa mwimbaji hodari mwenye mdomo mchafu. Dada yake alikuwa shoga yangu. Tulishona kofia pamoja. Siku moja alinililia. Mumewe alimpa talaka tatu, zisizo na kurejeana, na bado wanaishi chumba kimoja, kwa sababu kaka zake wanaogopa aibu. Akaniapisha nisiseme, nami nikaapa. Juma lilelile nikamwambia kaka. Sijui kwa nini. Muongo mimi, najua sana: yule mshindani alikuwa amemdhihaki mama yetu marehemu mbele za watu, nami nilitaka aumie.

Alasiri ya harusi ya jirani, wanawake tulikuwa ghorofani tumebanana dirishani, shoga yangu ubavuni mwangu, amenishika mkono. Chini baba alikaa na wazee, ametoka kuozesha. Mshindani akaanza tena na mama yetu. Kaka akangoja ngoma izunguke, na kabla hajafungua mdomo nilijua. Akayasema yote: talaka tatu, chumba kimoja, kaka zake walionyamaza. Hakukosa pigo hata moja. Sijapata kumsikia akisema vizuri kama siku ile.

Ngoma ikanyamaza. Shoga yangu aliutoa mkono wake mkononi mwangu, pole pole, akajitanda buibui akashuka ngazi. Hatukusemezana tena.

Nyumbani baba aliuliza swali moja tu.

"Nani alokwambia?"

Kaka hakunitazama hata kidogo. "Maneno ya mitaani, baba."

Tangu hapo hakusema tena juu ya ngoma. Alihamia Likoni, na kila Ijumaa alivuka kuja kuomba radhi, amepiga magoti mlangoni, baba akimpita kwenda msikitini. Mimi nilikuwa nasikia yote kutoka jikoni, nami nikaendelea kupika.

Baba alipozidiwa na maradhi aliniita mimi. Akaniwekea mkono kichwani.

"Radhi zangu zote unazo, mwanangu. Wewe hukunikosea hata siku moya."

Kaka alikuwa amesimama nje ya mlango, anasikia.

Nikasema, "Ahsante, baba."